Huo mfupa unapata damu?

Mtu akivunjika mguu hapa Nairobi, swali la kwanza utaskia ni "amewekwa chuma?" Ukisema ndio watu wanashusha pumzi, basi huyo amepona, kilichobaki ni kula. Shangazi mmoja atapitia soko la Burma alfajiri anunue miguu ya ng'ombe, jioni temosi ya supu iko kando ya kitanda, mwingine analeta maziwa, mwingine tembe za kalisiamu kutoka duka la dawa, na kila mtu anarudi kwake akijua ametimiza wajibu. Sina ubaya na supu, mdogo wangu amekunywa lita na lita. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki ya mifupa muda wa kutosha kuskia mazungumzo ya watu na karibu yote ni ya chuma: ni ya ndani ama ya nje, kitatolewa lini, mbona kinauma wakati wa baridi. Ya damu hakuna mtu anauliza. Na mimi siku hizi naona hilo ndo lingekuwa swali la kwanza, hasa kama miezi imepita na mfupa bado umekataa kuunga.

Juu mfupa uko hai, hii tulifundishwa shule tukaandika kwa mtihani tukasahau. Mfupa mrefu una ateri inayoingia kwa kishimo kidogo ubavuni na kulisha karibu theluthi mbili za ndani za ukuta wake, halafu theluthi ya nje inalishwa na ile ngozi nyembamba iliyouvika mfupa, ambayo nayo inategemea misuli iliyoukumbatia. Ukivunjika vibaya, ateri ya ndani inakatika, ngozi ya mfupa inachanika, misuli inapondeka, yaani barabara zote zimefungwa kwa mpigo. Kazi ya kuunga inafanywa na seli, na seli zinaletwa na damu na kulishwa na damu. Chuma hakiungi kitu. Kinashikilia tu mpaka mwenye kazi afike, na mwenye kazi asipofika chuma nacho kinachoka, ndo unaona eksire za watu skrubu zimekatika na pleti imevunjika katikati ilhali mtu hakuanguka mahali popote.

Na mahali pabaya zaidi kwa hii shida ni muundi. Pitisha kidole mbele ya mguu chini ya goti, utagusa ngozi halafu mfupa, basi, hakuna nyama katikati. Ukishuka theluthi ya chini karibu na kifundo ni mbaya zaidi juu hata nyuma huko misuli imeshageuka kano. Sasa fikiria watu wa boda wanavyogongwa. Hapo hapo.

Mdogo wangu, naye mtu wa boda, aligongwa na matatu barabara ya Outering, mfupa ukatokea nje. Hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, waliosha, wakaweka vile vyuma vya nje vinavyopenya ngozi, na kidonda kikaingia usaha. Wakakisafisha, kikakauka, kikafunguka tena. Baadaye wakatoa vyuma vya nje wakaingiza rodi ndani. Kila kliniki ilikuwa ni eksire, dokta anainua picha kwa mwanga, anasema tungojee kidogo. Tukangojea. Alikuwa anatembea na magongo na anatuambia anaskia kitu inacheza ndani ya mguu, sisi tunamwambia ni akili, umezoea maumivu.

Kumbe kuna hesabu ya kungojea. FDA, lile shirika la Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya matibabu, husema mfupa umekataa kuunga ikiwa imepita miezi 9 tangu kuvunjika na miezi 3 ya mwisho picha hazionyeshi hatua yoyote. Madaktari wengi hawangojei kalenda ifike huko, kama kuna pengo la sentimita kadhaa hapo kati hata mtu asiyesomea anaweza kuona halitajifunga lenyewe. Lakini hesabu hiyo inasaidia kwa kitu kimoja, unajua ni lini "tungojee" imekuwa sio jibu tena.

Halafu kukataa kwenyewe sio kwa aina moja, na hapa ndo pesa za watu zinapotea. Kuna mfupa unaoonekana kwa eksire ncha zake zimevimba zimetanuka, madaktari wanaita mguu wa ndovu. Huo una damu, unajitahidi sana, tatizo ni kwamba unachezacheza kila ukikanyaga, ukikazwa vizuri mara nyingi unaunga bila hata kuongezewa mfupa. Kuna mwingine ncha zimekonda, zimekauka, hakuna hata ukungu wa mfupa mpya pembeni. Huo unaweza kuukaza na rodi nene ya dunia nzima, hauna kitu cha kuungia. Na kuna ule wenye usaha ndani, huo hata usianze habari ya kuunga kabla sehemu yote iliyokufa haijachimbwa ikatolewa, na kuchimba ndo kunaacha pengo. Mwaka 2007 daktari wa mifupa Peter Giannoudis na wenzake waliandika kuhusu kitu wanakiita almasi, pembe nne: seli za kujenga mfupa, mahali pa hizo seli kujishika, kemikali za mwili za kuziamsha, na utulivu. Halafu damu inapita kwa zote. Mdogo wangu kwa hesabu yangu alikuwa amepewa pembe moja, ile ya utulivu, na hata hiyo nusu nusu.

Dokta wa pili tuliyempata alikuwa mtu wa maneno machache. Aliangalia eksire zote kuanzia ya kwanza, akazipanga kwa tarehe, akauliza kwanza kama jamaa anavuta sigara. Anavuta, kwa steji muguka na sigara vinatembea pamoja. Akamwambia aache leo, sio akitaka, leo, juu nikotini inabana mishipa midogo na pale mguuni hakuna mshipa wa kupoteza. Ndo akageuza fomu ya maabara akachora nyuma yake njia mbili za kujaza pengo.

Njia ya kawaida ya kujaza pengo la mfupa ni kuchukua mfupa laini kutoka kwa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kuusagasaga, na kuupakia hapo. Inafanya kazi na imefanya kazi miaka mingi, watu wengi hawahitaji kitu zaidi ya hiyo. Lakini ule mfupa ukitolewa umekatwa na damu yake, seli nyingi zinakufa. Unachobaki nacho ni kiunzi, na mishipa mipya inabidi itambae kutoka kwa majirani iingie, ile mifupa ya zamani iliwe kidogo kidogo na mpya ijengwe mahali pake. Kama pengo ni dogo na majirani wana afya, sawa. Pengo likipita kama sentimita 6, ama nyama ya hapo imekuwa kovu tupu juu ya operesheni nyingi na usaha, mishipa haifiki katikati kwa wakati na kile kiunzi kinayeyuka. Hiyo sentimita 6 sio sheria, ni mazoea ya madaktari, lakini ni mazoea yenye sababu.

Njia ile nyingine ni kuhamisha kipande cha mfupa kikiwa na ateri yake na vena zake, halafu unaviunganisha na mishipa ya pale kinapoenda. Mtu wa shamba anaelewa hii mara moja: kuna kukata kijiti ukachomeka chini ukaomba Mungu, na kuna kung'oa mche na udongo wake wote ukaupanda upande wa pili bila mizizi kujua imehama. Mfupa ukifika na damu yake seli haziko kwa matanga, ziko kazini. Hausubiri kutambaliwa. Unaunga kwa ncha mbili kama mfupa uliovunjika kawaida, na kwa sababu una damu yake mwenyewe unaweza hata kuleta askari wa mwili na antibayotiki mahali ambapo zilikuwa hazifiki.

Mfupa unaotumika sana ni fibula, ule mwembamba wa pembeni ya mguu, nje ya muundi. Unabeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, kazi yake kubwa ni kushikilia misuli na kukaza kifundo, kwa hivyo unaweza kutoa sehemu ya katikati, hata sentimita 20 na kitu, mradi uache kama sentimita 6 chini kwa ajili ya kifundo na kiasi kama hicho juu karibu na goti. Wa kwanza kuandika kuhusu kuhamisha fibula na mishipa yake hivi ni Ian Taylor na wenzake wa Melbourne, Australia, mwaka 1975, na walikuwa wanaziba pengo la muundi kama la mdogo wangu. Baadaye mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akaanza kuikatakata na kuikunja ikawa taya kwa wagonjwa waliotolewa taya. Na kama ni paja, ambapo fibula moja ni nyembamba sana, wanaikata katikati bila kugusa mishipa na kuikunja mara mbili ikae sambamba. Hiyo nilisoma nikarudia kusoma juu sikuamini.

Kabla ya kufanyiwa walimpeleka kwa sikani ya mishipa ya miguu yote miwili. Sababu ni kwamba ateri inayolisha fibula ni moja kati ya tatu zinazoshuka chini ya goti, na kuna watu wachache ambao kwao hiyo ndo inalisha wayo karibu peke yake. Ukiichukua kwa huyo mtu umempoteza wayo ukijaribu kumpa muundi. Kama mtu anataka kukufanyia hii kitu na hajataja kuangalia mishipa yako, hapo mimi ningechukua kofia yangu.

Operesheni yenyewe ilianza asubuhi na tulipoambiwa ametoka giza lilikuwa limeingia. Timu mbili zinafanya pamoja, moja inachimba na kusafisha mguu mbaya mpaka ifike kwa mfupa unaotoa damu, nyingine inatoa fibula kwa mguu mzuri, pamoja na kipande cha ngozi juu yake. Halafu kuna mtu wa hadubini. Mishipa ina upana wa kama milimita 2 au 3, inashonwa na uzi mwembamba kuliko unywele, tundu kwa tundu, ateri moja na vena moja au mbili. Dokta alisema kwamba kazi ya mfupa ni ya nguvu, nyundo na msumeno na skrubu, halafu baada ya hapo lazima mikono itulie kabisa, ndio maana mara nyingi anafanya daktari wa mifupa na daktari wa upasuaji wa plastiki pamoja. Watu wakiskia plastiki wanafikiria sosholaiti. Wale ndo wanajua kushona mishipa.

Siku za kwanza wodini ndo za hatari na hakuna mtu anakuandaa. Mishipa iliyoshonwa inaweza kuziba, na ikiziba mara nyingi ni ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Mfupa uko ndani, huwezi kuuona, kwa hivyo unaangalia kile kipande cha ngozi kilichohama nao, hicho ndo kinakupa habari. Kikififia damu haiingii, kikiwa zambarau damu haitoki, na ya pili hutokea zaidi juu vena ni laini na inakunjika haraka. Lakini hizo picha za vitabu, niliziona kwa simu ya daktari mwanafunzi, zote ni za Wazungu. Kwa ngozi nyeusi ti kama ya mdogo wangu zambarau unaionaje saa nane usiku na taa ya wodi? Wale masista walikuwa wajanja. Walikuwa wanagusa joto kwa mgongo wa mkono, wanaskiza na kale ka mashine ka dopla kanakovuma kila damu ikipita, na wakishuku wanachoma na sindano kidogo waone damu inayotoka ni nyekundu ama imekolea giza. Kila saa. Mgonjwa halali, wewe hulali. Ilikuwa Julai, na baridi inabana mishipa, wakatuambia tulete blanketi zaidi, tukaleta mpaka za wageni.

Nikisema ukweli, naona sifa za hii operesheni zinaenda kwa mwenye hadubini peke yake ilhali ile saa ya kuokoa mfupa iko kwa sista mmoja mwenye vitanda vingi. Mshipa ukiziba na ukagunduliwa mapema unarudishwa thieta usiku huo huo na mara nyingi unaokolewa. Ukigunduliwa asubuhi kwa raundi umebaki na kijiti, kirefu, cha bei ghali.

Bei, ndio. Sitaandika namba juu kila hospitali ina yake. SHA, ile bima ya afya ya serikali, ilisaidia upande, upande mwingine ukawa grupu la WhatsApp, kamati, mweka hazina, na wale watu wa kuandika "pole sana" bila kutuma. Masaa mengi ya thieta, timu mbili, hadubini, siku za uangalizi wa karibu, hakuna mahali pa kupunguza. Ndio maana naudhika nikiona mtu mtandaoni anauliza kuhusu mguu wake na wenzake wanamwambia aende akawekewe mfupa wenye mishipa kana kwamba ni kupanda gredi. Kama wako ni ule wa mguu wa ndovu huuhitaji, unahitaji kukazwa. Kama pengo ni dogo na nyama ni nzuri, nyonga inatosha. Na hata kwa pengo kubwa kuna njia nyingine zenye heshima zao. Kuna ile ya Gavriil Ilizarov wa Kurgan, Siberia, pete za chuma nje ya mguu, mfupa unakatwa mahali penye afya na kuvutwa milimita 1 kwa siku mpaka pengo lifungwe na mfupa wako mwenyewe, haihitaji hadubini lakini utaishi na hizo pete miezi na miezi. Kuna ya Alain-Charles Masquelet wa Ufaransa, wanajaza pengo na saruji ya mifupa, mwili unaizungushia utando, baada ya kama wiki 6 hadi 8 wanarudi wanatoa saruji na kupakia mfupa wa nyonga ndani ya ule utando, ambao wenyewe una mishipa mingi. Dokta wetu alitueleza zote mbili na kwa nini kwa huyu hakuzichagua: kovu ilikuwa nyingi, ngozi ya mbele ilikuwa imeisha, na fibula ingekuja na ngozi yake.

Niongeze hapa kitu cha mkono, juu nimeona vijana wengi wa jua kali wanakipuuza. Ukianguka na kiganja na ukaskia uchungu pale kwa kibonde chini ya kidole gumba, na eksire ya siku hiyo ikasema uko sawa, rudi tena baada ya wiki moja au mbili. Kuna kamfupa hapo kanaitwa skafoidi na damu yake nyingi inaingia kutoka upande wa vidole ikirudi nyuma, kwa hivyo ukikavunja katikati, kale kanusu ka upande wa mkono wa juu kanabaki bila chochote na kanaweza kufa. Kwa hako nako watu wamepata ujanja: Carlos Zaidemberg wa Argentina aliandika 1991 kuhusu kuchukua kipande cha rediasi, ule mfupa wa mkono upande wa kidole gumba, hapo hapo kwa kifundo cha mkono kikiwa kimening'inia kwa kamshipa kake, unakigeuza tu bila kushona mshipa wowote, na mwaka huo huo Wajapani kina Sakai na Doi wakaandika kuhusu kipande chembamba kutoka upande wa ndani wa goti. Vipande vidogo kama ukucha. Kanuni ni ile ile.

Mguu wa mdogo wangu uliunga ncha ya juu kwanza, ya chini ikachelewa. Lakini kuunga sio kumaliza. Fibula ni nyembamba kuliko muundi, na ukiikanyagia uzito wote mapema inapata ufa, hiyo ni kawaida kabisa mwaka wa kwanza. Usipoikanyagia kabisa nayo haina sababu ya kunenepa. Mjerumani Julius Wolff aliandika hii 1892, mfupa unajijenga kufuatana na mzigo unaobeba, na fisio wetu alikuwa anaitekeleza na mizani ya bafuni: kanyaga hapa, simama ikifika kilo hizi, mwezi ujao tunaongeza. Kwa eksire unaona kabisa ule mfupa mwembamba ukijaza, kila picha mnene kuliko ya nyuma. Hizo ndo eksire pekee nimewahi kufurahia kulipia.

Mguu uliotoa mfupa ndo unamsumbua sasa, na hii sikuiona ikisisitizwa mahali popote isipokuwa kwa fomu ya kukubali operesheni, herufi ndogo. Msuli wa kukunja kidole gumba cha mguu unajishika kwenye fibula, ukiivua huo msuli unadhoofika ama unakaza, kidole kinabaki kimejikunja. Chake kimejikunja kidogo, ndala zinamtoka, na kifundo kinachoka akisimama sana. Yuko kwa duka la speya Kirinyaga Road siku hizi, kusimama ndo kazi. Fisio amempa mazoezi ya kukinyoosha kile kidole asubuhi na jioni, anafanya ya asubuhi. Pleti ya ule mguu ulioungwa bado iko ndani, ameuliza kama itolewe, ameambiwa kama haimsumbui iachwe, na shangazi bado anataka kujua chuma kitatoka lini.